Mlinzi wa Shimo la Ndizi

Shimo la ndizi hufunuliwa mara moja. Ndivyo baba yako alivyokwambia, Alinda, kisha akakata simu, na sasa umenikodolea macho kama vile ni mimi niliyekata. Wewe nawe! Juzi ulimwambia darasa la maandalizi ya mtihani wa udaktari utaanza Januari. Jana ukasema ungoje lile la baada ya Pasaka. Leo asubuhi umesikia kuna jingine la Juni, nalo unalitaka. Mtu na kazi zake, atakosaje kukukatia? Na nyie wengine mnaocheka, hamjui hata methali yenyewe imetoka wapi. Haya, sogezeni ungo wa senene hapa katikati. Kila mmoja achambue huku anasikiliza, maana senene hawajinyonyoi mabawa.

Methali hii ilianza hivi, na msinitafutie wahenga wa kale. Ilianza mwaka niliochumbiwa na babu yenu Projest. Nilikuwapo mwenyewe, nimekaa nyuma ya pazia, hasira zimenijaa hadi hapa kooni.

Projest alikuwa na dada mmoja, Kokusima, tukimwita Koku. Msichana mwembamba, ana akili, lakini kutulia hajui. Chakula alikula amesimama. Akianza kufagia uwanja, anaacha katikati akachote maji, na kabla hajafika kisimani amekumbuka kuni. Jambo moja tu hakuwahi kuliacha: alitaka kuwa daktari. Mdogo wao wa mwisho alifia mgongoni kwa mama yao wakimkimbiza hospitali kwa miguu, na Koku alikuwa pembeni, amemshikia mama mwavuli. Toka siku hiyo hakutaka kusikia habari ya kazi nyingine.

Siku hizo kulikuwa na chuo cha udaktari ng'ambo ya ziwa. Hakikuchukua mtu kwa cheti cha shule peke yake. Ilibidi ufanye mtihani wao wa kuingilia, mwezi wa tisa kila mwaka, na sheria yao ilikuwa kali: ukianguka mara mbili, basi tena, hawakupokei maisha. Koku alikuwa ameshaanguka mara moja. Ilikuwa imebaki moja.

Pale Bukoba mjini alikuwapo Mwalimu Rwegasira, mstaafu, aliyewaandaa vijana kwa mtihani huo. Alikuwa na madarasa matatu kwa mwaka. La Januari lilikuwa refu, la Pasaka la kati, na la Julai lilikuwa fupi, la mbio. Wote walisoma mambo yale yale kwa mwendo tofauti. Mtu alichagua moja, akakaa nalo mpaka mwisho.

Koku alichagua la Januari. Vizuri. Majuma machache tu, mtu mmoja kanisani akamwambia, "Binti, Januari mpaka Septemba? Si utakuwa umeshasahau yote!" Maneno yakamwingia kama mchanga kwenye kiatu. Akaacha, akarudi nyumbani, eti asome mwenyewe kidogo kidogo mpaka Pasaka. Hakusoma. Kila akifungua kitabu aliwaza wenzake wamefika wapi, akakifunga akaenda kuuliza watu. Alimuuliza padri. Alimuuliza mkunga. Mama wee! Alimuuliza hata fundi baiskeli, na fundi baiskeli naye akampa ushauri.

Pasaka ikafika, akaingia darasa la pili. Humo akakutana na msichana aitwaye Domitila, aliyekuja kuulizia nafasi ya Julai. Domitila akamwambia, "Mimi nataka mambo yakiwa bado ya moto kichwani. La Julai ndilo linalogusana na mtihani." Lilikuwa neno la kawaida, tena Domitila alisema kwa ajili yake mwenyewe. Lakini Koku usingizi ulikwisha. Akiwa darasani anawaza Julai. Akiwaza Julai, anaogopa muda utakuwa mfupi. Akawa haandiki, haulizi, yupo tu.

Katikati ya hangaiko hilo, kwao wakamwita nyumbani kwa sababu ya posa yangu. Ruhusa ilikuwa ya siku chache, lakini Koku alishuka kwenye basi na sanduku lake lote. Mama yake, ambaye baadaye alikuwa mama mkwe wangu, aliliona lile sanduku akaelewa. Akaliingiza ndani upesi. Nyumba ilikuwa imejaa wageni.

Sasa nyie watoto wa soda, sikilizeni. Kwetu huendi kuposa bila rubisi. Unaweza kuja na mbuzi, unaweza kuja na vitenge vya kufunika barabara nzima, bila rubisi baba wa binti hafungui kinywa. Na rubisi huanzia shimoni. Unachimba shimo kwenye migomba, unalipasha moto kwa majani makavu, unapanga ndizi za pombe zikiwa mbichi, unafunika kwa majani mabichi, kisha udongo. Joto linabaki ndani, ndizi zinaiva pamoja. Zikiiva unazimenya, wanaume wanazikanyaga kwa nyasi ndani ya mtumbwi wa mti, maji yanatoka matamu, unatia mtama wa kukaanga, yanachacha. Na katika ukoo ule, mlinzi wa shimo la posa alikuwa dada wa bwana harusi. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuligusa.

Kwa hiyo wakampa Koku shimo. Baba yake akamwambia, "Ulifunue siku tutakayokamua. Kabla ya hapo ni kulinda tu, mbuzi wasichimbue."

Mmeshajua kilichotokea, au niendelee? Nyamazeni basi.

Asubuhi ya kwanza alikaa kando ya shimo na kitabu. Akajiuliza, je, kama zitawahi kuiva? Akaondoa udongo kidogo, akaingiza mkono, akabonyeza ndizi moja. Ngumu. Akafunika. Asubuhi iliyofuata akawaza, labda moto ulikuwa mdogo, labda zimechelewa. Akafunua tena, safari hii upande wa pili. Hivyo hivyo kila siku. Wala hakuwa mzembe, msimwonee. Angekuwa mzembe angelala, na ndizi zingeiva zenyewe.

Siku ya kukamua wakafunua. Ndizi za chini zilikuwa zimeoza zinatoa maji meusi. Za juu zilikuwa za kijani, ngumu unaweza kumpiga nazo mbwa. Wanaume wakaingia mtumbwini, wakakanyaga mpaka jasho likawatoka, wakapata uji mchungu usiofaa hata nguruwe. Ndizi nyingine za kukata hakuna, na kwetu wageni walikuwa wameshaitwa. Wakaenda kwa jirani, wakaomba, wakapata kibuyu kimoja kidogo. Ndicho walichokuja nacho.

Mimi nipo ndani, nimesukwa, nimepakwa mafuta, nimevalishwa. Nawasikia wanapiga hodi. Nachungulia kwenye pazia, namwona Projest anatazama vidole vyake vya miguu. Nikajua kuna jambo.

Baba yangu, Mzee Kamuntu, alikuwa mtu mkavu. Alikitazama kile kibuyu, akamtazama mshenga wao.

"Hiki ni cha kuonja?" akauliza. "Chenyewe kiko wapi?"

Mshenga akaanza kuzunguka, mara mvua, mara udongo wa mwaka huu. Baba akamkatiza. "Nani alilinda shimo?"

Koku, aliyekuwa amesimama nyuma na wanawake, akapita mbele akapiga magoti.

"Ni mimi, waitu," akasema kwa heshima. "Nisamehe."

"Ulifunua mara ngapi?"

"Kila siku, baba."

Wazee wakaguna. Mimi huko ndani nilitamani nitoke nimzabe kofi. Kila siku! Posa yangu!

"Kwa nini?" Baba hakupandisha sauti. "Hukuambiwa?"

"Niliambiwa. Lakini niliogopa zitaiva mapema. Halafu nikaogopa zitachelewa." Ghafla yakatoka yote, mbele ya wazee wa watu, jambo ambalo binti hafanyi. "Mimi ndivyo nilivyo, baba! Nimebakiwa na mtihani mmoja. Nikianguka sitakuwa daktari mpaka nafukiwa. Niliingia darasa la Januari nikaona nimewahi mno. Nimeingia la Pasaka naona nimekosea, na sasa nimeondoka nalo pia, sanduku langu liko nyumbani. Nataka kungoja Julai, na Julai naiogopa. Sijui siku ipi ndiyo sawasawa. Hakuna anayejua! Nimeuliza kila mtu!"

Akalia. Mama yake alijifunika uso na kanga kwa aibu. Babu yenu alikuwa kama amepigwa na radi. Mimi hasira zikanipungua, sijui zilikwenda wapi, nikabaki namwonea huruma tu.

Baba akamwambia ainuke, akamwuliza, kwa upole kuliko nilivyowahi kumsikia akisema nasi wanawe, "Binti, zile ndizi zingeiva siku moja kabla, tungekosa rubisi?"

"Hapana, baba. Tungekamua mapema."

"Zingechelewa siku moja?"

"Mngetusubiri."

"Tungewasubiri, na tungewasema kidogo. Sasa ni nini kimeziharibu? Ni siku?"

Koku akautazama mkono wake. Akanong'ona, "Ni mkono wangu."

"Basi. Shimo la ndizi hufunuliwa mara moja." Akamgeukia mshenga. "Rudini, mkachimbe jingine. Binti yangu hataoza kwa majuma mawili. Na mlinzi awe huyu huyu, la sivyo msirudi."

Mnaona ukali huo? Wazee wa kwao walimbishia, wakasema awekwe mlinzi mwingine, huyu ana mkosi. Baba akakataa. Wakaondoka na kibuyu chao, na mimi nikavua nguo zangu nzuri nikarudi jikoni kupika.

Hilo shimo la pili mama mkwe ndiye aliyenisimulia. Anasema ile haikuwa kazi ya kulinda ndizi, ilikuwa vita. Koku alizunguka shimo mpaka akatengeneza njia kwenye nyasi. Alikalia mikono yake. Siku moja aliinama kabisa, vidole vikagusa udongo, mama mkwe anamtazama toka mlangoni na roho mkononi. Koku akasimama, akakimbilia barabarani, akarudi baadaye anahema. Watu wanadhani kungoja ni kukaa bure! Hakuna kazi inayochosha kama ile kwa mtu wa aina yake.

Walipofunua, ndizi zilikuwa njano shimo zima. Rubisi ikaja kwetu kwa vibuyu vikubwa, baba akanywa, akafungua kinywa, nami nikaolewa.

Koku hakungoja hata sherehe iishe. Alibeba sanduku akarudi kwenye darasa lile lile la Pasaka. Mwalimu Rwegasira akamgombeza kweli kweli: umepitwa na mengi, kwa nini usingoje Julai na wenzako? Koku akamjibu, "Mwalimu, nimeshafunika." Mwalimu hakuelewa kitu, lakini akampisha akaingia. Julai Domitila akaanza lake, akawa anapita na habari: leo tumefundishwa hivi, jana tumepewa maswali vile. Koku alikuwa anaziba masikio, anasoma. Usidhani hofu ilimwisha. Alikonda. Nywele zilimkatika. Lakini hakuhama.

Wakafanya mtihani Septemba. Majibu yalikawia mno. Nilikuwa na mimba ya baba yako, Alinda, nipo uani naanika kahawa, nikamwona Koku anakuja mbio anapita kwenye migomba, hajafunga hata kilemba. Akafika mbele yangu, anafungua kinywa, sauti haitoki. Nikaogopa. Nikajua ameanguka, na nikawaza nitamshika vipi na tumbo lile.

Akanikumbatia. "Wifi," akasema, "zimeiva."

Tulilia pale mpaka kuku wakala kahawa. Na Domitila? Naye alifaulu! Ndiyo, yule wa Julai. Usishangae, Alinda. Wa Julai alifaulu, wa Pasaka alifaulu, na wa Januari waliokaa na Januari yao walifaulu baadhi. Mambo haya yakazungumzwa vilabuni na makanisani, na lile neno la baba yangu likatembea mpaka leo baba yako analitumia kukukatia simu.

Unasemaje? Nikuchagulie? Mimi sikuchagulii, sitaki lawama. Chagua mwenyewe, hapa hapa, mbele ya wenzako.

Januari? Umesema Januari? Haya, Januari. Mmesikia wote. Mpigie baba yako umwambie, na usimpigie tena mpaka umalize.

Nini tena? "Lakini Bibi, kama la Juni likiwa..." Alinda! Hebu toa mkono! Wenzako, mwambieni kwa sauti asikie, shimo la ndizi hufunuliwa mara ngapi?

Mara moja!