Chachu ya Anisia

Wazee wetu katika imani wametuachia kisa hiki, nasi twakipokeza kama tulivyokipokea: ya kwamba katika kijiji kimoja cha Misri ya Juu, ukingoni mwa jangwa, alikuwapo mwanamke mcha Mungu jina lake Anisia. Kazi yake ilikuwa kuoka mkate wa Meza ya Bwana, kwa chachu aliyoirithi kwa mama yake.

Zikaja zama za liwali dhalimu, mwabudu sanamu. Askari wake wakamkamata Anisia pamoja na kijana Kiriako, mtoto wa pekee wa mjane Taisia, wakawapeleka mjini. Huko wakaamriwa waifukizie sanamu ubani, wamkane Masihi, kisha waende zao. Kiriako akakataa, akauawa. Anisia aliuona ule upanga kwa macho yake. Akachota ubani, akautia motoni, akayatamka maneno waliyomtaka ayatamke.

Msimcheke, ndugu zangu. Hujafa hujaumbika.

Aliporudi kijijini, basi ilikuwa furaha isiyo kifani. Habari za kifo cha Kiriako zilikwisha fika, na watu wakadhani Anisia naye alisimama imara, ila Mungu kamwokoa kwa muujiza. Vigelegele huku, zaburi kule! Wanawake wakatandika nguo zao njiani. Wakambeba juu juu hadi kanisani, wamketishe mbele, mahali pa mashujaa wa imani. Anisia akawaza. Hakuna aliyejua. Angenyamaza tu, angeheshimiwa mpaka kaburini. Lakini mlangoni alisimama mjane Taisia, macho yamemvimba kwa kilio, naye anatabasamu kwa ajili yake.

"Niteremsheni," akasema Anisia. "Kiriako alikataa. Mimi nilifukiza. Nilimkana Bwana."

Vigelegele vikakatika. Mmoja akasema, "Wokovu alikuwa nao, kautupa mwenyewe. Ataupata wapi tena?" Mwingine akadakia, "Wokovu hautupiki. Huyu hakuwa nao tangu mwanzo." Wakabishana mbele yake kana kwamba ni maiti inayongoja kuzikwa.

Anisia akapiga magoti mbele ya Padri Serapioni, mchungaji wao. "Baba, mimi nataka kujua neno moja tu. Je, mimi ni wake bado?"

Kabla padri hajajibu, Taisia aliondoka mbio. Watu wakasema uchungu umemzidi, hataki kumwona. Kumbe sivyo. Akarejea anahema, amekumbatia chungu kilichofunikwa kitambaa kibichi, akakiweka mapajani mwa Anisia.

Anisia akafunua. Harufu kali ya chachu ikampanda puani. Ilikuwa inatoa povu, hai kabisa.

"Ulipokamatwa niliichukua nyumbani kwako," akasema mjane. "Kila siku naipa unga na maji."

"Hata siku uliyosikia habari za Kiriako, mama?"

"Hata siku ile. Nilikuwa nalia huku nakoroga. Nilisema, ni ya Anisia, akirudi aikute." Akamshika mkono. "Binti yangu, mimi mwanadamu, tena mfiwa, sikuiacha chachu yako ife. Itakuwaje Yeye aliyekufia akuache wewe?"

"Na kama nisingerudi?"

"Ningeendelea kukoroga. Ila wewe ungekufa njaa huko uliko, na chachu yako i hai hapa."

Wabishi wakainamisha vichwa. Padri Serapioni akafuta machozi, akampa Anisia toba kwa desturi ya siku zile: asimame nje ya mlango wa kanisa mpaka Pasaka. Akasimama, jua na vumbi, bila kunung'unika. Na asubuhi ya Pasaka mkate uliowekwa mezani ulikuwa wa mikono yake. Alipoingia na kuupokea, Taisia alishindwa kujizuia, akapiga kigelegele katikati ya ibada. Padri hakumkemea. Kanisa zima likaitikia.

Wenye elimu na waendelee kujadiliana kama wokovu hupotea au haupotei. Mjadala huo una heshima yake. Lakini wewe uliyetoka nyumbani, usikae njiani kungoja wamalize. Rudi. Kuna anayekutunzia kilicho chako.