Siwatu Hamaliziwi Neno

Paukwa!

“Pakawa.”

Ndiyo sauti gani hiyo, mmekula au mmefunga? Paukwa!

“Pakawaaa!”

Ehe. Sogeeni motoni. Kombo, rudisha miguu nyuma usije ukaunguza vidole. Hadithi ya leo ina hasira. Kila nikiisimulia hunipanda kichwani, kwa hiyo mkiona bibi yenu anapiga mkono pajani, msishtuke.

Hapo zamani za kale, zamani zile kasuku na vinu walipokuwa bado wanasema na watu, palikuwa na mji ukiitwa Kitongani. Katika mji huo aliishi mwanamke kijana, jina lake Siwatu. Majirani walimsengenya mama yake mimba nzima, naye alipojifungua akasema, “Hawa si watu,” na mtoto akaitwa hivyo. Siwatu alikuwa mrefu, mchapakazi, mwenye macho ya kutazama mtu usoni. Na alikuwa na kigugumizi. Neno lake likifika midomoni linakwama, linasukuma, linasukuma, kisha linatoka. Likishatoka ni neno kamili kama neno lako wewe. Lilitaka kungojwa tu.

Jamani, kungoja ni kazi?

“Si kazi, Bibi!”

Kitongani ilikuwa kazi. Watu wa Kitongani walikuwa hodari wa kummalizia maneno. Akienda sokoni akisema, “Na-na-naomba nd-nd-nd...”, mchuuzi anadakia, “Ndimu!” Anamjazia ndimu kikapuni. Naye alitaka ndizi. Basi siku hiyo anarudi nyumbani na ndimu.

Mnacheka? Chekeni. Na wao walicheka.

Sasa sikilizeni. Visima vyote vya Kitongani vilikuwa na maji ya chumvi, isipokuwa kimoja tu. Kisima hicho kilikuwa shambani kwa Siwatu. Alikichimba mama yake, akishirikiana na Siwatu, mama chini anachimba, binti juu anavuta udongo kwa kamba. Walipiga jembe mpaka mikono ikachubuka. Maji yalipotoka yalikuwa matamu, na mama akasema, “Maji hayanyimwi mtu. Kila mwenye mtungi na aje.” Wanawake wote wa mji wakawa wanateka pale. Kisha mama akafariki, Siwatu akabaki peke yake.

Jirani yake wa shamba alikuwa Mbaruku. Mbaruku alikuwa na ulimi, jamani! Akisema maneno yanamiminika kama choroko kutoka kwenye pakacha. Hata matanga ya mama Siwatu hayajavunjwa vizuri, Mbaruku akaja na watu wake, wakazungushia kisima ua wa miba. Akasimama mlangoni akasema, “Kisima hiki ni changu. Anayetaka mtungi mmoja wa maji, kwanza anipalilie tuta langu la mihogo.”

“Mwizi!”

Mwizi, Chausiku, tena wa mchana kweupe. Siwatu akamwambia, “M-m-mama yangu nd-nd...” Mbaruku akamgeuzia mgongo. “Ukimaliza utanitumia salamu,” akasema, akaenda zake.

Siwatu akajitanda kanga mbili, akaenda barazani kwa Jumbe kushitaki.

Watu walijaa. Jumbe yuko kitini, na pembeni yake mpiga mbiu, mtu mwenye sauti ya kupasua masikio, ambaye kazi yake ni kurudia kwa sauti kuu kila linalosemwa ili walio nyuma wasikie. Mbaruku akatangulia. Akamimina choroko zake, akamaliza, akakaa. Jumbe akasema, “Haya, mwanangu Siwatu. Sema, lakini usituchoshe.”

Siwatu akasimama. “Shi-shikamoo Jumbe. Ki-ki-ki...”

“Kibuyu!” mmoja akadakia.

“Kitoweo!” akasema wa pili.

“Kichaa!” akasema wa tatu, baraza ikaangua kicheko. Hata Bi Tumu, jirani aliyemshika Siwatu mkono siku ya mazishi ya mama yake, alijifunika ukaya usoni huku mabega yanamtikisika.

Siwatu akasimama imara. Akaanza upya. “Kisima hiki si ch-ch-ch...”

Mpiga mbiu akapaza sauti: “Anasema kisima hiki si changu!”

“Hakusema hivyo!”

Hakusema hivyo! Alikuwa anasema si cha Mbaruku! Neno lilikuwa limefika kwenye meno. Akatikisa kichwa, akainua mikono miwili, lakini Jumbe alishasimama. “Mwenyewe amekiri. Kisima ni cha Mbaruku. Baraza imefungwa.” Wakavaa viatu wakaenda kula.

Niambieni, hiyo ni hukumu? Mtu anaporwa mali yake, na hata neno la kulilia mali yake anaporwa pia!

Siwatu akarudi nyumbani. Hakulia. Alikaa kizingitini akalimaliza neno lake peke yake, kwa sauti: “Ch-ch-cha Mbaruku. Si cha Mbaruku.” Hakuna aliyesikia.

Ila kasuku. Kasuku mmoja wa kijivu, mkia mwekundu, alikuwa juu ya mpapai. Akasema, “Dada Siwatu, mimi ninao ulimi mwepesi. Nifundishe maneno yako, nikusemee barazani.”

Siwatu akamtazama. Angefanyaje? Akamfundisha. Asubuhi anamfundisha, jioni anamfundisha. “Ki-kisima hiki ki-kilichimbwa na m-m-mama yangu.” Kasuku anainamisha kichwa, anasikiliza, anasema, “Nimeshika, dada. Nimeshika.” Siwatu akamlisha mapapai mabivu yote, yeye akala mabichi.

Siku ya baraza ikafika. Siwatu akaenda na kasuku begani. “Ka-ka-kasuku atanisemea,” akasema. Jumbe akafurahi: “Afadhali!”

Kasuku akajikung’uta manyoya. Akafungua mdomo.

“Ki-ki-ki-ki-kisima! M-m-m-m-mama! Ki-ki-ki!”

Baraza ikapasuka kwa kicheko. Kasuku alipoona watu wanacheka akavimba kichwa, akaongeza. Akatoa macho kama ya Siwatu, akatikisa shingo kama ya Siwatu. “M-m-m-m!” Watu wakashika mbavu. Mbaruku akamrushia korosho. Jumbe mwenyewe alicheka mpaka kofia ikamdondoka.

“Kasuku mbaya!”

Mbaya, lakini walimpa nini? Walimpa kicheko na korosho. Siku zote zile za kufundishwa hakushika neno la Siwatu hata moja. Alishika kigugumizi chake, kwa sababu hicho ndicho alichojua kitampatia watu.

Siwatu alimshusha begani, akamweka chini taratibu, kama unavyoweka kitu usichokihitaji tena. Akatoka barazani kichwa juu. Nyuma yake watoto wadogo, wa rika lenu ninyi, wakamfuata njia nzima wakiimba, “Ki-ki-ki!” Mama zao waliwasikia. Walikuwa wanafua, wakaendelea kufua.

Alipofika nyumbani akamwaga mpunga kinuni, akashika mchi akatwanga. Akatwanga kwa hasira, tu! tu! tu! Punje zinaruka mpaka juu ya paa.

“Polepole, dada,” kinu kikasema. “Mimi si Mbaruku.”

Siwatu akasita. “Sa-sa-samahani.”

“Usiombe samahani. Una kitu moyoni, kitoe. Nina mdomo mpana na sina haraka. Twanga, useme.”

Siwatu akainua mchi. Tu! Akasema neno. Tu! Akasema jingine. Neno likapanda juu ya pigo kama mtoto anavyopanda mgongoni, wala halikukwama. Hapo hapo akaanza kutunga. Mstari usiompendeza anaufuta, anatafuta mwingine. Alikuwa na maneno mengi kifuani, watoto wangu! Miaka yote ile watu walipokuwa wanammalizia, yeye alikuwa anachagua, anapima, anajua lipi tamu na lipi linachoma. Mpunga ulipokuwa mchele, wimbo ulikuwa wimbo. Pokeeni nami:

*Kisima kachimba mama,*
*jembe likimchubua,*
*mwenye ulimi kasema,*
*kwa ua kakichukua,*
*nanyi mlicheka jama,*
*na kweli mnaijua.*

*Ningojeni, ningojeni,*
*neno langu li njiani.*

“Ningojeni, ningojeni, neno langu li njiani!”

Vivyo hivyo! Kesho yake wanawake walipita na mitungi mitupu, migongo inauma kwa kupalilia mihogo ya Mbaruku. Wakasikia sauti uani kwa Siwatu, wakasimama. Bi Tumu alikuwa mbele. Wimbo ulipofika pale pa “nanyi mlicheka jama,” akatua mtungi chini. Akajiangalia miguu. Kisha akachukua mchi wa pili, akasimama upande wa pili wa kinu, akapokea kiitikio.

Wakaja wengine. Wimbo ukatoka ua hadi ua, kinu hadi kinu. Watu wakautwanga Kitongani nzima. Wale watoto waliokuwa wakisema “ki-ki-ki” sasa waliimba “ningojeni.” Wake wa Mbaruku wakauimba jikoni kwake. Na asubuhi moja Jumbe, akinywa uji, akasikia binti zake wanatwanga huku wanaimba, *na kweli mnaijua*. Uji ukamsakama kooni.

Akaitisha baraza. “Nani ametunga wimbo huu?”

“Mimi!” akasema kasuku.

“Endelea basi, tuimbie ubeti wa pili.”

Kasuku akakohoa. Akatazama huku, akatazama kule. Akaruka akaenda zake.

“Ni Siwatu,” akasema Bi Tumu.

Mpiga mbiu akacheka kwa dharau. “Siwatu? Hata jina lake linamshinda. Atatunga wimbo?”

“Katunga Siwatu!” wanawake wakasema kwa pamoja. Walikuwa wamekuja na michi yao mikononi.

Jumbe akamgeukia Siwatu, akalainisha sauti kama mtu anayembembeleza mtoto. “Mwanangu, kumbe una kipaji! Basi usijisumbue kusema. Tuimbie shauri lako. Ukiimba hatuchoki kusikiliza.”

Ee! Mlisikia hiyo? Ukiimba hatuchoki! Yaani haki yake aifikie kwa kuwatumbuiza!

Siwatu akasimama. Akamtazama Jumbe usoni. “S-s-siimbi,” akasema. “Wi-wi-wimbo nimeutunga kwa sababu naupenda. Ni w-w-wangu. Lakini leo si-sijaja kuimba. Leo nina-na-nasema. Na nyinyi m-m-mta...”

“Mtanisamehe!” mpiga mbiu akadakia.

Tu! Wanawake wakapiga michi chini, ardhi ikatikisika. “Aachwe amalize!” Bi Tumu akasema, na sauti yake ilikuwa kali kama pilipili mbuzi. “Na wewe ukidakia tena, tutakutwanga wewe.”

Wote wakamtazama Siwatu. Yeye hakuharakisha. Akavuta pumzi.

“...m-m-mtangoja,” akasema.

Wakangoja. Jua likapanda. Siwatu akasema yote. Akasema mama alivyoshuka shimoni, yeye alivyovuta udongo kwa kamba. Akasema wosia wa mama, kwamba maji hayanyimwi mtu. Mara nyingine neno lilikwama muda mrefu mpaka kuku wakapita katikati ya baraza, na hakuna aliyethubutu kuwafukuza kuku wala kulidaka neno. Mwisho akasema, “Ki-kisima hiki si ch-ch-ch...”

Mngojeni, watoto wangu. Ngojeni hapo hapo.

“...ch-cha Mbaruku.”

Jumbe akawauliza wanawake, “Ni kweli?”

“Ni kweli,” wakasema. “Tulimwona mama yake akichimba. Tulikunywa maji yake.”

“Mbona siku ile hamkusema?”

Bi Tumu akajibu: “Wewe hukutuuliza. Na sisi tulikuwa tunacheka. Aibu hiyo ni yetu, na tumeibeba leo tukaileta hapa. Wewe yako umeileta?”

Jumbe akainamisha kichwa. Mbaruku akasimama, akafungua mdomo, choroko zikaanza kumiminika. Lakini safari hii watu walimsikiliza kweli, neno kwa neno, na walipomsikiliza wakaona hakuna alichosema. Akaamriwa aung’oe ua wake wa miba kwa mikono yake mwenyewe, mbele ya watu, na kila tuta alilopaliliwa alipe kwa kupalilia mashamba ya wanawake wale. Mpiga mbiu akapewa amri mpya: kurudia yaliyosemwa, na yakiwa hayajasemwa, kufunga bakuli lake. Siwatu akateka mtungi wa kwanza. Akampa Bi Tumu akanywa, ingawa alimtazama kwanza kwa muda mrefu.

Akaendelea kutunga nyimbo. Arusi haikufana Kitongani bila utungo wake.

“Na kigugumizi, Bibi? Kikaisha?”

Kiishe kwa nini, Kombo? Kwani kigugumizi ndicho kilichoiba kisima? Alizeeka nacho, akafa nacho. Kilichokwisha ni ufedhuli wa watu wa Kitongani, na huo nao haukuisha wote.

Basi shikeni hili: mwenzako akisema, neno ni lake tangu linapoanza mpaka linapokwisha. Usimdakie, usimwigize, usimwambie aimbe ili ndipo umsikie. Mngoje. Asiyemngoja mwenzake amalize, kisha akahukumu, huyo ni mwizi, hata akiwa amekaa kwenye kiti cha Jumbe.

Hadithi yangu naitua hapa. Aliye na neno alianze, sote tunangoja.