Mwalimu na Neno la Wavunaji

Mtu mmoja wa Ayalandi alikuwa na neno moja alilolipenda kuliko shamba lake. Jina lake Fintan, mwalimu, na neno lenyewe lilikuwa *meitheal*: kwa lugha ya kwao, majirani wanaokusanyika kuvuna shamba la mmoja wao leo, la mwingine kesho, pasipo malipo. Alikuwa akiliandikia kitabu mwaka wa kumi na mmoja sasa. Alijua kwamba lilitokana na neno la kale la kundi la wavunaji, kwamba kisarufi ni nomino ya jinsia ya kike, na jinsi linavyobadilika umbo katika sentensi. Kila msimu majirani walipita mlangoni na miundu mabegani, wakamwita. Naye kila mara aliwajibu kuwa amebakiza ukurasa mmoja.

Mwaka huo mtumishi aliyekuwa akimvunia shamba akavunjika mguu. Shayiri ilikuwa imeiva, mawingu yametanda juu ya mlima, na hapakuwa na chakula kingine cha kuwavusha yeye na mkewe majira ya baridi. Fintan alikwenda kubisha kwa Grania, mjane asiyejua kusoma, ambaye shayiri yake mwenyewe ilikuwa bado imesimama. Aliona haya hata maneno yakamkauka, yeye mwenye maneno tele. Grania hakumwuliza kitu. Alichukua mundu wake, akawaita wengine njiani.

Walipoanza kukata, Fintan alifurahi mno. Akakimbilia ndani, akaleta daftari, akasimama pembezoni mwa shamba aandike jinsi wanavyolitamka lile neno. Grania akanyoosha mgongo, akamtazama.

"Mwalimu," alisema, "hilo daftari halikati shayiri. Njoo ushike mundu."

Akashika. Kufikia adhuhuri viganja vilikuwa vimejaa malengelenge, na hakuna aliyemsifu. Mganda wa mwisho uliingia ghalani mvua ikianza kudondoka.

Ilinyesha siku mbili. Ya tatu, Fintan alifungua kitabu chake mahali alipopaacha wazi tangu mwanzo, pa kuonyesha neno linavyotumika. Akachovya kalamu. Kisha akaona jua limetoka, akakumbuka shayiri ya Grania iliyolazwa na mvua kwa sababu yeye alivuniwa kwanza. Akaiweka kalamu chini, akatoka na mundu.

Nanyi ndugu zangu, mnaojua neno "upendo" limetoka wapi na limeandikwa mara ngapi katika Maandiko, jirani yenu alivuna na nani mwaka huu?