Kiboko Adai Kura Zihesabiwe Upya

Wanyama walipochagua rais, Kiboko alimwahidi kila mmoja alichotaka, na bado Punda akamshinda. Kiboko akakimbilia mahakamani. Jaji Korongo akaamuru karani Pimbi azihesabu kura upya.

Kiboko akamnong'oneza Pimbi, "Nisiposhinda, nakukalia."

"Utashinda, Mzee," alijibu Pimbi, akijiona tayari chapati. "Ila niwaalike ngiri waje kukushangilia."

"Waite!"

Kesho yake Pimbi akatangaza, "Kiboko ameshinda!" Kabla Jaji hajagonga nyundo, ngiri wakaingia na majembe mabegani.

"Ya nini hayo?" Kiboko akauliza.

"Ya kukausha bwawa lako, Mheshimiwa Rais, tulime viazi. Si ulituahidi ukishinda?"

Kiboko akamgeukia Jaji, jasho likimtiririka. "Mheshimiwa, zihesabiwe tena! Kura zangu hazikutosha!"