Kibaba Alichonyimwa Mgeni

Sogeeni, enyi mnaopenda kuhukumu. Leo naiweka mizani mikononi mwenu, na nitakapomaliza sitawasaidia kuishika.

Katika mji wa Kitapambwe, uliojengwa juu ya mgongo wa mawe baina ya mabonde mawili makavu, walikuwapo watu watatu wenye vipaji. Mwanahela, muuza nafaka, alijaliwa ulimi: baraza lililoingia limegawanyika lilitoka na neno moja, na neno hilo lilikuwa lake. Msellem, mtetezi wa mji, alijaliwa kumbukumbu: sheria za Kitapambwe hazikuandikwa popote, zote zilikaa kifuani mwake. Rehani, mkalimani, alijaliwa lugha mbili: ya mji wake, na ya Walemo wa ng'ambo ya mabonde, ambako aliolewa, akafiwa na mume, akarejea kwao.

Mji huo ulikuwa na ada ambayo wenyeji waliionea fahari. Kila mavuno, kila nyumba ilitoa kibaba cha mtama kwenda ghala la utetezi. Mtu akishtakiwa, mtama huo ulimlisha mtetezi aliyepanda Jiwe la Baraza kumsemea, hata kama mshtakiwa hakuwa na wa kumzika. Mtetezi hakuruhusiwa kusema kwa hisani, maana zamani walikuwapo watetezi wa hisani, ikaja kujulikana kwamba hisani yao ilinunuliwa na matajiri nyuma ya nyumba. Tangu hapo ikawa sheria: mtetezi asiyelishwa na mji, akilipanda Jiwe, huvuliwa bakora ya kazi yake, wala harudishiwi.

Ukaja mwaka wa kiangazi kirefu. Mtama ulikauka kabla ya kuchanua, watu wakachimba mizizi, na ghala la utetezi likawa ndilo pekee lenye kitu ndani.

Mwaka huohuo alikuwapo mjini Mlemo mmoja, jina lake Lodua, mtinda mawe ya kusagia. Alizunguka nyumba kwa nyumba na nyundo na tindo lake, akiyachonga upya mawe yaliyolainika. Njaa ilipoingia, mawe yakakosa cha kusaga, naye akakosa kazi na nguvu za kurudi kwao.

Asubuhi moja msichana Mwanatumu, yatima wa Kitapambwe, alikutwa chini ya mwamba nje ya mji, kichwa kimepasuka. Kando yake alikaa Lodua, viganja vyake vimepakwa damu hata kwenye vifundo, nyundo yake imelala chini. Hakukimbia. Walipomwamuru anawe, alikataa.

Jumbe wa mji aliitisha baraza, na swali la kwanza halikuhusu mauaji. Lilihusu ghala.

"Lifunguliwe," akasema Shebe, kinyozi. "Ada inasema 'mshtakiwa'. Haikusema mshtakiwa wa wapi."

"Haikusema," Mwanahela akajibu, "kwa kuwa wazee wetu hawakudhani atazaliwa mjinga wa kuuliza."

Baraza likacheka.

"Bi Mwanahela, mimi si mjinga, ni mwoga. Naihofia siku nitakayokuwa mgeni mimi."

"Ugeni wa wapi, Shebe, na mguu huo? Hata sokoni hufiki bila kukaa njiani!"

Kicheko kikazidi, maana Shebe alikuwa kiguru tangu utotoni. Mwanahela akangoja kicheko kiishe chenyewe. Kisha akawaonyesha kwa kidole watoto waliolala kwenye vivuli vya kuta, matumbo yamevimba, nzi machoni, na hakuna aliyewapungia. Akasema kwa sauti ya chini, ili watu wainame kumsikia:

Mwana alia njaani, chungu kitupu, mwenzetu,
Kibaba kimo ghalani, ni jasho la mama zetu,
Mgeni hata shambani, hakupanda mbegu yetu,
Basi atetewe kwani, kwa chakula cha wanetu?

Mikono ikainuka kama miti ya mwitu. Ghala likafunguliwa, mtama ukagawanywa kwa nyumba zenye watoto. Na hili lazima lisemwe kwa haki yake: watoto walikula. Wapo ambao wasingeliona juma lililofuata, nao waliliona.

Siku ya hukumu, Lodua alisimamishwa mbele ya Jiwe, na juu ya Jiwe hapakuwa na mtu. Sheria ya Kitapambwe ilimtaka mshtakiwa ajibu alichoulizwa tu. Maelezo yote ya ziada ni kazi ya mtetezi, na mtetezi hakulishwa.

Msellem alikuwapo. Aliketi chini, kwenye safu ya kwanza, bakora yake mapajani. Katika kifua chake ilikaa sheria moja ambayo wengi walikuwa wameisahau: kifo kilichotokea nje ya mji hakihukumiwi mpaka wachungaji warudi kutoka malisho ya mbali, kwa kuwa wachungaji huona yale ambayo mji hauyaoni. Lakini sharti muhula huo uombwe na mtetezi, tena kutoka juu ya Jiwe. Msellem aliishika sheria hiyo kinywani kama kokwa.

Mkewe, aliyeketi nyuma yake, akamvuta kanzu. "Sema, baba."

"Nikisema leo bila kibaba, kesho sitakuwa mtetezi. Nani atawasemea wa kesho?"

"Wa kesho hawana shingo bado. Huyu anayo."

Msellem aliikamata bakora kwa mikono yote miwili. Miguu yake ilijikusanya kama ya mtu anayetaka kuinuka. Haikuinuka.

Rehani naye alikuwapo, amesimama baina ya Jumbe na mgeni. Sheria ya mkalimani ilikuwa fupi: mkalimani ni mfereji, na mfereji unaomimina usichomiminiwa huvunjwa. Maana yake ni kufukuzwa mjini, yeye na jamaa zake.

"Ulimuua mtoto?" Jumbe akauliza.

Rehani akapeleka swali, akarudisha jibu. "Hapana."

"Damu mikononi mwako ni ya nani?"

"Ya mtoto."

"Nani aliyeipaka?"

"Niliipaka mwenyewe."

Baraza likanguruma. Rehani hakuwa amekosea hata silabi. Lodua aliinua uso akangoja swali lililobaki, swali ambalo kwao hata mtoto angeliuliza: kwa nini? Jumbe hakuliuliza. Lodua akamgeukia Rehani, akatamka neno moja.

"Anasema nini?" akauliza Jumbe.

"Ananiita dada."

"Wifi, si dada!" akapiga kelele mtu mmoja nyuma, na baraza likavunjika kwa kicheko.

Rehani alijua. Kwa Walemo, anayemkuta maiti aliyekufa peke yake hujipaka damu yake viganjani, hukaa kando yake, wala hanawi mpaka jamaa wa marehemu waje wamnawishe wao, ili marehemu asiende akisema kwamba alilala bila mtu. Mumewe Rehani aliporomoka jabalini katika nchi ile. Wapita njia wasiomjua walikaa naye jua kali mpaka mkewe alipofika, na Rehani ndiye aliyewanawisha mikono, mmoja baada ya mwingine, huku akilia. Hayo yote alikuwa nayo. Akatazama chini, akangoja amiminiwe swali. Halikumiminwa.

Lodua alinyongwa kabla ya jua kupinduka. Viganja vyake havikuwa vimenawishwa. Bibi yake Mwanatumu ndiye aliyeshika ncha ya kamba, akapigiwa vigelegele.

Mvua zilipoanza, wachungaji walirudi. Mmoja wao, mwanamke aitwaye Mize, alishangaa kukuta kaburi la yule msichana.

"Kumbe alikufa?" akasema. "Nilimwona kutoka upande wa pili wa bonde. Alikuwa anapanda mwamba kufuata asali, jiwe likamponyoka mkononi. Mgeni mwenye nyundo alikuwa mbali kabisa, akatupa mzigo, akamkimbilia. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, amepata mtu."



Habari haina miguu, lakini ilivuka mabonde. Akaja Kitapambwe mama mmoja Mlemo, mrefu, mkavu, jina lake Naburi, mama yake Lodua. Akaketi langoni. Hakulia wala hakutukana. Alikuja kudai sheria, maana hata Walemo waliijua sheria hii ya Kitapambwe: mji ukimnyonga asiye na kosa, hutoa mtu mmoja aliyesababisha kifo chake. Mtu huyo huenda kwa jamaa wa marehemu, akafanya kazi ya marehemu mpaka siku ya kufa kwake, wala haoni tena kwao.

Mji mzima ukamiminika langoni, na kwa kuwa hapakuwa na mkalimani mwingine, aliyetafsiri ni Rehani.

"Mwanangu alikuwa akitinda mawe milimani, akinibebea maji," Naburi akasema. "Nataka mtu mmoja."

"Tuna watatu wenye lawama: muuza nafaka, mtetezi na mkalimani," Jumbe akasema. "Chukua wote, mama, utusamehe."

"Sina chakula cha watatu. Tena mkinipa watatu, mtakuwa mmeniambia kila mmoja alimuua theluthi moja. Mwanangu hakufa theluthi."

"Basi chagua mwenyewe."

"Nikichagua mimi, mtasema ni hasira ya mgeni. Chagueni ninyi wenye ada nzuri."

Rehani aliyafikisha yote, neno kwa neno, mpaka lile la "ada nzuri".

Mwanahela akasogea mbele, akadai mtetezi, kama ilivyo haki ya kila mshtakiwa.

Shebe akacheka peke yake. "Ghala lililiwa, Bi Mwanahela. Jitetee."

Akajitetea, na ulimi wake haukuwa umepungua. "Mimi nilisema. Mikono iliyoinuliwa haikuwa yangu. Ilikuwa yenu, na baadhi yake naiona hapa imefichwa kwenye kanga. Mtama niliouzuia haukwenda dukani kwangu, ulikwenda vinywani mwa watoto. Nionyesheni mmoja, kati ya walioshiba siku ile, ambaye mngekubali afe ili Lodua aishi. Mleteni hapa, mtajeni kwa jina mbele ya mama yake, nami nitafunga mzigo sasa hivi."

Kina mama waliwavuta watoto wao karibu. Hakuna aliyeletwa.

Msellem akasimama. "Ningelipanda Jiwe bila kibaba, ningemwokoa mmoja, na ningeufungua mlango waliouziba baba zetu. Kesho tajiri angemleta mtetezi wake wa hisani, na masikini angenyongwa kwa maneno matamu. Sikuitunza nafsi yangu. Nilitunza Jiwe."

"Ulitunza bakora," mkewe akasema. Kisha akaongeza, "Lakini ukimtoa huyu, Jumbe, sheria zote zitatoka naye kifuani. Atakayeshtakiwa baadaye hatajua hata anachonyimwa." Wala haikujulikana kama alikuwa akimtetea mumewe au akimlaani.

Zamu ya Rehani ilipofika, alisimama baina ya mama na mji, mahali palepale pa kazi yake, akasema kila sentensi kwa lugha zote mbili ili pasiwe na wa kusema amefichwa.

"Nililibeba kila neno lake salama. Mtangulizi wangu aliongeza neno moja la huruma, na kwa neno hilo akanyongwa asiye na kosa. Ndipo mkatuwekea sheria ya mfereji. Ninyi mlikuwa vinywa vingi pale barazani. Swali lilikuwa moja, tena fupi. Hakuna aliyeliuliza."

"Lakini wewe ulikuwa unajua," akasema Naburi. "Waliomkalia mumeo kwetu uliwanawisha wewe. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua," Rehani akasema. Kisha akaugeukia mji, akautafsiria swali la mama, na jibu lake mwenyewe.

"Na nikienda," akaongeza, "Mlemo atakayekamatwa tena mjini humu hatakuwa na kinywa chochote."

"Angalau hatatarajia kitu," akasema Naburi.

Haya ndiyo yaliyomo katika mizani, ndugu zangu. Mwanahela angenyamaza, ghala lingemlisha mtetezi, na Lodua angeishi. Msellem angeinuka, hukumu ingewangoja wachungaji, na Lodua angeishi. Rehani angeongeza neno, damu ile ingejulikana kuwa ni heshima, na Lodua angeishi. Hakuna aliyevunja sheria. Kila mmoja peke yake alitosha kumwokoa, na kila mmoja alikuwa na sababu ambayo, katika kifo cha mtu mwingine, mngeisifu.

Naburi bado ameketi langoni. Ameletewa maji, hakuyanywa. Ameletewa mkeka, hakuukalia. Mito inajaa, na njia ya kwao inakaribia kufungwa. Asemaye kwamba asitolewe mtu, na aende langoni akamwambie mama huyo kwa kinywa chake. Rehani atamtafsiria bila kuongeza wala kupunguza. Nanyi mliobaki, semeni nisikie: ni nani kati ya watatu hawa mtakayemfungia mzigo?