Deni la Ambakisye kwa Dada Yake

Katika vilima vya Rungwe aliishi fundi mwashi mmoja jina lake Ambakisye, naye alikuwa na deni kwa dada yake wa tumbo moja.

Dada huyo, Tupokigwe, alikuwa mjane. Mumewe alimwachia kipande cha shamba la chai na ng'ombe wawili wa maziwa, na maziwa hayo ndiyo yaliyomnunulia chumvi, sabuni na madaftari ya watoto. Ambakisye alipotaka kufanya biashara ya kupeleka ndizi Dar es Salaam, hakuwa na mtaji. Akaenda kwa dada yake. Tupokigwe hakumwandikisha popote, wala hakuita shahidi. Aliwauza ng'ombe wote wawili, akamkabidhi mdogo wake fedha yote mkononi, akasema, "Nenda, Mungu akutangulie. Najua utanirudishia."

Ndizi zilikatwa, zikapakiwa, lori likaondoka. Njiani likakuta daraja limesombwa na mafuriko. Magari yalipanga foleni yakangoja, na ndizi nazo zikaiva humo humo ndani ya lori, zikapasuka, maji yake yakachuruzika barabarani. Ambakisye akarudi nyumbani mikono mitupu. Hapo hakuwa na kosa lolote. Naomba tulielewe hilo, ndugu zangu, maana wengi wetu hatuanguki siku ya hasara. Tunaanguka baadaye, mambo yakishatulia.

Mambo yalipotulia, Ambakisye alirudi kwenye kazi yake ya ujenzi. Alikuwa fundi wa kutegemewa, hakukosa kazi, na kila Jumamosi alilipwa. Fedha ilipita mkononi mwake, nyingine ikakaa siku mbili, nyingine haikufika jioni. Asubuhi alikunywa chai na chapati mbili kibandani, ingawa nyumbani mkewe alikuwa amekoroga uji. Alipanda bodaboda kwenda mahali ambapo miguu ingemfikisha bila shida. Jumamosi alikaa na wenzake penye nyama choma, na kwa kuwa alikuwa fundi mkuu, aliona aibu mtu mwingine alipe. Hakuwa mlevi, wala hakuwa mhuni. Alikuwa mtu mwema ambaye hakujua fedha yake imeishia wapi.

Na deni hakulisahau hata siku moja. Alijiambia kwamba siku moja atapata kazi kubwa, pengine ghorofa mjini, kisha ataingia kwa dada yake na bahasha nene, aiweke mezani yote kwa pamoja, amlipe kwa heshima. Kwenda na vijisenti aliona ni kumdharau. Basi akawa anaingoja hiyo bahasha. Na kwa kuwa haikuja, hakwenda kwa dada yake kabisa. Akiwa na safari ya upande ule, alizunguka kwa njia ya mtoni. Kanisani alikaa nyuma, akatoka kabla ya baraka ya mwisho. Tupokigwe hakumtumia mtu wa kumdai. Laiti angemtuma, Ambakisye angepata la kukasirikia.

Ikafika siku ya harusi ya binti wa jirani mmoja mwenye uwezo. Muziki ukapigwa, wageni wakaitwa kwenda kumtunza bibi harusi. Ambakisye alicheza taratibu mpaka mbele, akatoa noti moja moja, akaziweka kwenye sinia, na mshereheshaji akalitaja jina lake kwenye kipaza sauti, tena na tena. Watu wakashangilia. Alipogeuka kurudi kwenye kiti chake, akamwona dada yake amesimama kando na akina mama waliokuwa wakigawa chakula. Upindo wa kanga yake ulikuwa umelowa maji ya kuoshea vyombo. Alikuwa ameiweka ndoo yake chini, na alikuwa anapiga makofi pamoja na wengine.

Hakuwa anakejeli. Alikuwa anamshangilia mdogo wake.

Ambakisye aliisukuma sahani yake kando. Walipofika nyumbani, mkewe, Bupe, alivua viatu, akakaa kitako kwenye mkeka. Kisha akauliza kwa sauti ya chini:

"Baba Lugano, zile ulizotunza leo zilikuwa za nani?"

Ambakisye akaenda kulala. Lakini swali lile halikutoka tena ndani yake.

Jambo la kwanza alilotaka kufanya lilikuwa kubwa, kama kawaida yake. Alitaka kuezua mabati ya nyumba ayauze, apeleke fedha yote siku hiyo hiyo. Bupe akamkatalia. "Utamlipa dada yako kwa kuwalaza wanao kwenye mvua, halafu mwezi ujao utakopa tena ununue mabati. Mimi nimekukorogea uji kila siku, huunywi. Anza na huo uji."

Ni jambo dogo mpaka linachekesha. Mwanamume mzima, mwenye deni la ng'ombe wawili, anaambiwa aanze na uji. Lakini aliunywa. Na fedha ya chai na chapati, badala ya kubaki mfukoni ambako ingepata kazi nyingine, alimpa Bupe kabla hajatoka nje. Mwanzoni alipita kile kibanda ameangalia pembeni kama mtu aliyeachana na mchumba. Baadaye akazoea, akawa anapita akisalimia. Alipokwisha kulizoea hilo, ndipo alipoacha bodaboda, si kabla. Na alipokwisha kuzoea kutembea, akamwomba tajiri wake wa kazi malipo ya Jumamosi yawe yanapokelewa na Bupe. Hili lilimuuma kuliko yote, kwa sababu wenzake walisikia.

Msidhani alikwenda moja kwa moja bila kuteleza. Jumamosi moja, Bupe akiwa shambani, alipokea malipo mwenyewe, akapita penye nyama choma kuwasalimia tu wenzake, na kilichorudi nyumbani kilikuwa harufu ya moshi kwenye koti. Kesho yake alisema kwamba yeye hafai, na kwamba juhudi zote zile zilikuwa bure. Bupe hakugombana naye. Jumatatu alimwekea bakuli la uji mahali pake pa siku zote, akaenda zake shambani.

Aliunywa.

Ilipofika siku ya kwenda kwa dada yake, Ambakisye alikuwa amebeba kiasi kidogo sana, noti zilizokunjamana na sarafu kadhaa ndani ya kitambaa. Alimkuta shambani, kikapu mgongoni, anachuma chai. Alimwamkia. Tupokigwe akaitikia bila kusimamisha mikono. Ambakisye akafungua kile kitambaa, akakinyoosha mbele yake.

Dada yake akatazama, akachuma jani jingine, akasema, "Ng'ombe wangu walikuwa wawili, Ambakisye."

"Najua, dada. Hii haifiki hata kwato. Nitaleta nyingine Jumamosi."

"Hata zamani ulikuwa na ahadi."

Lakini aliipokea, akaifunga kwenye pindo la kanga, akaendelea na mstari wake wa chai. Hakumkaribisha nyumbani. Ambakisye aliondoka akiwa ameumia, na njiani alijiambia kwamba hivi ndivyo alivyoogopa siku zote, kwamba ingekuwa heri mara mia angengoja mpaka apate cha maana. Ndugu zangu, hapo ndipo wengi wanaporudi nyuma. Wanapeleka kidogo walichonacho, wanatarajia kukumbatiwa, hawakumbatiwi, wanachukia, wanaacha. Wanasahau kwamba aliyeumizwa miaka mingi hana wajibu wa kupona kwa siku moja.

Jumamosi iliyofuata alikwenda. Na nyingine tena. Kuna siku alipeleka cha kutosha kununua kilo chache za unga, na kuna siku za mvua ambapo ujenzi ulisimama, akapeleka sarafu tupu. Lakini hakukosa kufika. Polepole Tupokigwe akaanza kusimamisha mikono akimwona. Baadaye akawa anamngoja uani. Siku moja Ambakisye akakuta kigoda cha pili kimewekwa karibu na cha dada yake, na ndizi za kuchemsha kwenye sahani iliyofunikwa. Hawakuzungumza mengi. Walikula, akatoa alichonacho, akaaga.

Kwenye sherehe nazo mambo yalibadilika. Aliitwa kutunza, akatunza kidogo, mshereheshaji hakulitaja jina lake. Wenzake walimwita bahili. Mmoja alimwuliza kwa sauti kama Bupe humruhusu kucheka pia. Ambakisye alicheka, na usiku huo alilala vizuri.

Kisha akaanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, mguu ukavunjika. Akabaki nyumbani bila kazi, na kile kidogo walichokuwa nacho kikaenda kwenye matibabu na chakula. Jumamosi ikafika. Bupe akamwambia apumzike, kwani dada atasikia habari na ataelewa. Ambakisye akaomba magongo yake. Alikwenda akipumzika kila baada ya nyumba chache, akafika jasho linamtiririka, akasimama uani kwa dada yake. Ile ndiyo ilikuwa safari ngumu kuliko zote alizowahi kwenda, kwa sababu mtu akiwa na kitu mkononi hujificha nyuma yake.

"Dada," alisema, "leo sina kitu. Nimekuja kukwambia kwamba sina."

Tupokigwe aliyatazama yale magongo, akamtazama uso. Akamsogezea kigoda, akamsaidia kukaa, akaanza kulia. Alilia kwa muda, naye Ambakisye akainamisha kichwa. Dada alipopata sauti, alisema, "Mdogo wangu, yatosha. Kilichobaki nimekuachia. Nimekuachia kwa moyo mweupe."

Hebu fikirini. Mguu umevunjika, kazi hakuna, na mwenye haki yake amemwachia. Nani kati yetu asingesema asante? Hata mimi sina hakika kwamba alikosea ambaye angesema asante, maana msamaha ni zawadi, na zawadi hupokelewa. Lakini Ambakisye alikuwa anajijua. Akasema:

"Dada, moyo wako nimeupokea. Lakini fedha niache nimalize. Ukinifutia leo, nitarudi kuwa yule yule."

Tupokigwe akafuta machozi kwa kanga, akaingia jikoni kupakua chakula.

Mguu ulipopona, Ambakisye akarudi kazini, na Jumamosi zikaendelea. Haikuwa bahasha nene, hata siku moja. Ile ghorofa ya mjini haikuja kabisa. Siku ya mwisho aliweka kilichobaki juu ya kiganja cha dada yake, kiasi kile kile cha wiki nyingine yoyote. Dada akafumba mkono, akasema, "Imetimia." Hakukuwa na kipaza sauti, hakukuwa na makofi. Walikaa tu, kila mmoja ametazama chini, kama watu waliotoka safari moja na hawajui waseme nini wanapoagana.

Mwishowe Tupokigwe akasema, "Na Jumamosi ijayo?"

"Nitakuja, dada," akasema Ambakisye. "Hapa ni kwetu."

Basi nawauliza ninyi mlioketi hapa, nami najiuliza pia: ni nani unayemnyima kidogo ulichonacho leo, kwa kumwahidi kingi ambacho hujawahi kuwa nacho?