Springi Fupi za Bwana Lukindo

Bwana Lukindo, mwenye kiwanja chenye gereji ya fundi Zamda, alikuja na springi fupi mkononi.

"Lishushe gari langu, mtaa mzima ugeuke."

"Bosi, shokapu zimekufa, zote zinavuja. Ukifunga springi hizi bila shokapu mpya, gari litadunda kama mpira."

"Mafundi mnapenda kutupiga pesa! Funga springi tu. Likidunda, unahama kiwanjani kwangu."

Zamda akazifunga. "Gari zuri hivi, bosi, wa kwanza kupanda awe mama mkwe wako. Mpitishe barabara ya matuta, watu wamwone."

Lukindo akaondoka anachekelea.

Baada ya saa moja walirudi. Mama mkwe alishuka kilemba kimemfunika jicho, mkono kiunoni.

"Nani kanifanyia hivi?"

Lukindo alifungua kinywa, Zamda akamuwahi.

"Shikamoo, mama. Mwenye gari alikataa shokapu mpya. Akasema likidunda, nihame."

"Ahame nani?" Mama akamkazia macho mkwewe.

"Hahami mtu, mama," Lukindo akasema kwa sauti ndogo. "Zamda, funga mpya zote nne. Utazipata lini?"

Zamda akavuta boksi chini ya meza.

"Niliziagiza hata hamjafika tuta la kwanza, bosi."